Bakteria Hawasomi Lebo

Ukipaka bakteria wenye plasmidi, duara dogo la DNA linalobeba jeni ya kinga, kwenye sahani yenye antibiotiki ya ampisilini, ukawaacha ndani ya inkubeta kupita usiku mmoja, utakuta koloni kubwa (kila moja ni rundo la bakteria wa ukoo mmoja) zimezungukwa na vidoa vidogo visivyohesabika. Mwanafunzi mpya akiviona hufurahi, akadhani amepata nyingi. Huchokoa kidoa kimoja, akakitia kwenye mchuzi wa lishe wenye dawa ileile, na asubuhi anakuta mchuzi uko mwangavu vilevile alivyouacha. Hakuna kilichoota. Vidoa vile havina plasmidi. Viliishi kwa hisani ya jirani: koloni kubwa hutengeneza kimeng'enya cha beta-laktamasi, kikavuja nje na kuivunja ampisilini iliyo karibu, na pale dawa ilipokwisha hata asiye na kinga hujiotea bila wasiwasi.

Aliyenifundisha kazi ya maabara alikuwa fundi mmoja, mama mtaratibu asiye na shahada kubwa, ingawa maprofesa wakikwama walimwendea yeye kwanza. Kila aliyemletea sahani ya namna hiyo alimwuliza, "Umeandika nini kwenye lebo?" Ukimjibu, anasema, "Sawa mwanangu, lakini hao hawasomi lebo," kisha anaendelea na shughuli zake. Tulidhani anatutania. Baadaye, nilipotoka kwa bakteria nikaenda kwa hamira, na kutoka kwa hamira nikaenda kwa kuvu wa nyuzi, niliona kwamba mama yule alikuwa ametupa somo zima la kazi hii. Kiumbe hajali ulichokusudia. Anajibu masharti uliyomwekea, na mengi katika masharti hayo tunayaweka bila kujua kwamba tumeyaweka.

Karibu kila mtu huanza na Escherichia coli. Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885 baada ya kumpata katika kinyesi cha watoto wachanga. Nasaba, yaani ukoo mmoja ndani ya spishi, iliyotawala maabara, ile inayoitwa K-12, ilitolewa mwaka 1922 katika kinyesi cha mgonjwa aliyekuwa anapona dondakoo huko California. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum waliitumia kuonyesha kwamba bakteria hupashana jeni, na tangu hapo ikawa kipenzi cha watafiti. Katika kupitishwa huko mkono kwa mkono, lishe hadi lishe, K-12 ilipoteza sukari ndefu zilizofunika utando wake wa nje, na leo haiwezi kujikita vizuri ndani ya utumbo wa binadamu. Hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo. Maisha ya chupani hayakudai kile kilichodaiwa na maisha ya tumboni, basi kikaenda zake. Jambo hilo limetufaa, maana ni sehemu ya sababu K-12 inahesabiwa kuwa salama kushikwa na wanafunzi, lakini hatukuliomba.

Ndani ya friza zetu kuna nasaba za E. coli ambazo kwa jina la spishi ni kitu kimoja, na kwa kazi ni mbali kabisa. DH5-alfa ameharibiwa jeni ya recA, hivyo hachanganyichanganyi vipande vya DNA ulivyompa avitunze; ameharibiwa pia endA, hivyo plasmidi unayoitoa kwake inatoka safi, haijakatwakatwa. BL21 ni wa ukoo mwingine, ukoo wa B. Yeye amekosa vimeng'enya viwili vya kuvunja protini, Lon na OmpT, kwa hiyo protini ngeni unayomtengenezesha ina nafasi ya kudumu. Ukimpa DH5-alfa plasmidi inayosubiri polimerasi ya T7, kimeng'enya cha virusi kinachosoma jeni, utasubiri naye hadi uchoke, maana hana polimerasi hiyo. Mambo haya yameandikwa kila mahali. Hata hivyo nimeona watu wakibadilisha joto, wakabadilisha lishe, wakaagiza kemikali mpya, kabla ya kuuliza ni nasaba gani iko ndani ya chupa.

Turudi kwenye ampisilini. Kinachotokea kwenye sahani hutokea pia ndani ya mchuzi, tena kwa siri zaidi, kwa sababu ndani ya mchuzi huoni vidoa. Bakteria wanapoongezeka, beta-laktamasi inarundikana na baada ya saa chache dawa imekwisha. Tangu hapo plasmidi ni mzigo tu: kuinakili kunagharimu nguvu, na protini inayotengenezwa inagharimu zaidi. Seli iliyoipoteza wakati wa kugawanyika haiadhibiwi tena, bali inakua haraka kuliko wenzake. E. coli mwenye chakula kizuri, kwa nyuzijoto 37, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo seli moja ndani ya saa 10 ingepita bilioni moja. Faida ndogo ya mwendo, ukiizidisha kwa vizazi vyote hivyo, inageuza watu wote wa chupa. Unapima jinsi mchuzi unavyozuia mwanga wa nanomita 600, unaona chupa imejaa seli, unaamini umevuna. Umevuna kweli, ila ni wale waliotua mzigo.

Ndiyo maana sianzi kazi ya protini kwa mchuzi wa jana uliochachuka. Naanza na koloni changa, naihamisha mapema kabla haijafika ukomo, na panapowezekana natumia karbenisilini, ndugu yake ampisilini anayestahimili zaidi, au kanamaisini. Kimeng'enya kinachomkinga bakteria dhidi ya kanamaisini hubaki ndani ya seli, kwa hiyo kinamlinda mwenyewe tu. Ukishaelewa tofauti hiyo ya ndani na nje, nusu ya maajabu ya sahani hayakusumbui tena.

Protini yenyewe ina visa vyake. BL21 anayebeba polimerasi ya T7 huwekewa kufuli linalofunguliwa kwa kemikali iitwayo IPTG, lakini kufuli hilo huvuja. Kama protini yako ina sumu kidogo kwa bakteria, basi kabla hujafungua chochote, tayari wanaoitengeneza kwa wingi zaidi wanazidiwa na wanaoitengeneza kwa uchache. Ukitia glukosi kwenye lishe unabana uvujaji. Ukifungua kufuli kwa nyuzijoto 37 mara nyingi protini inatoka kwa fujo, haijajikunja, inajikusanya kuwa madonge yasiyoyeyuka ndani ya seli. Ukishusha joto hadi 16 au 18 na kuacha usiku kucha, kazi inakwenda polepole na protini inapata muda wa kujikunja. Mavuno ya jumla yanaweza kupungua huku mavuno yanayofaa yakiongezeka. Wanaoharakia jedwali la matokeo hawaipendi habari hii, nami siwalaumu, usiku wa inkubeta ni mrefu.

Kuna siku katika maabara moja niliyofanyia kazi chupa zilizokuwa na uzito wa maziwa saa nne asubuhi zilikuwa zimeng'aa kufikia adhuhuri, zikiwa na povu na nyuzinyuzi za mabaki. Aliyewahi kuona hali hiyo haitaji darubini: ni faji, virusi wanaokula bakteria. Faji wa T1 anaogopwa zaidi kwa sababu hata akikauka hafi upesi; anakaa kwenye meza, kwenye mpini wa mlango, kwenye mashine ya kutikisia chupa. Tulichoma na kusugua kila kitu kwa dawa ya klorini. Lililonivutia lakini ni lililotokea kwenye chupa moja iliyosahauliwa: baada ya kung'aa, ilianza tena kuwa na ukungu wa seli. Walionusurika. Mmoja wetu alifurahi kwamba nasaba imepona, lakini iliyoota haikuwa ileile. Mara nyingi anayemshinda T1 ni yule aliyeharibikiwa FhuA, mlango ambao bakteria huutumia kuingiza chuma na ambao faji naye huutumia kujishikiza. Kwa kazi nyingi za maabara upungufu huo hauna hasara, na zipo nasaba zinazouzwa zikiwa zimeondolewa mlango huo kwa makusudi. Lakini kuendelea na majaribio ya nusu mwaka ukidhani una kiumbe wa zamani, wakati virusi wamekuchagulia mpya, ni jambo jingine. Tuliitupa chupa ile, tukarudi kwenye friza.

Hamira ilinipa pumzi. Saccharomyces cerevisiae ni kuvu wa seli moja, hukua vizuri kwa nyuzijoto 30, hujigawa kila dakika 90 hivi akiwa na lishe tele, na mtu aliyezoea bakteria huona kama muda umepanuka. Jenomu yake ilikuwa ya kwanza kusomwa yote miongoni mwa viumbe wenye kiini, mwaka 1996: herufi milioni 12 hivi katika kromosomu 16, na jeni zipatazo 6,000. Kinachomfanya apendwe ni tabia moja. Ukimpa kipande cha DNA chenye ncha zinazofanana na sehemu fulani ya kromosomu yake, anakipandikiza hapohapo. Bakteria wengi hukataa, kuvu wengi wa nyuzi hukitupia popote; hamira hukiweka ulipoelekeza.

Tena ana kiini na vyumba vya ndani, kwa hiyo hushughulikia protini ambazo E. coli huzishindwa. Insulini ya binadamu ilitengenezwa ndani ya E. coli mwaka 1978 na kuidhinishwa kutumika Marekani mwaka 1982, na ni molekuli ndogo. Chanjo ya homa ya ini ya aina B ilihitaji protini inayojipanga kuwa chembe ndogo za duara; hamira aliweza, na chanjo hiyo ikaidhinishwa mwaka 1986. Anayeuliza "kiumbe gani ni bora" hajauliza swali. Bora kwa kutengeneza nini?

Somo ambalo hamira alinipa peke yake lilikuja kwa rangi. Hamira aliyeharibiwa jeni ya ADE2 hutoa koloni nyekundu, kwa sababu kitu fulani kinachotangulia adenini hurundikana ndani yake na kugeuka rangi. Ukipaka nasaba hiyo unatarajia sahani nyekundu tupu. Karibu kila mara utaona chache nyeupe, ndogo. Wengi hudhani jeni imejirekebisha, lakini udogo unazikana. Hizi ni koloni zilizopoteza uwezo wa kupumua kwa mitokondria, mitambo ya seli ya kutoa nguvu kwa oksijeni, zile ambazo Boris Ephrussi alizieleza miaka ya 1940. Bila upumuaji huo rangi nyekundu haitokei. Uthibitisho ni rahisi: ziweke kwenye lishe ambayo chakula chake ni gliseroli badala ya glukosi. Mwenye mitokondria nzima ataishi, asiye nayo atakaa vilevile.

Fikiria maana yake. Glukosi tele humruhusu hamira kuishi kwa uchachu tu, na anayeishi kwa uchachu hajui kama mitokondria yake imekufa. Lishe nono huficha ulemavu. Tangu nione hilo, kila nasaba ya hamira ninayopokea naionjesha gliseroli kabla ya kuifanyia lolote, na mara kadhaa imeniokolea miezi. Ni jaribio la bei nafuu kuliko yote niyajuayo, na hakuna mtu analiandika kwenye ripoti.

Kisha nikaenda kwa kuvu wa nyuzi, na karibu kila nilichokijua kikanishinda kutumika. Huwezi kupima wingi wa Aspergillus niger kwa mwanga, kwa sababu haogelei seli moja moja, anasuka nyuzi. Ndani ya chupa inayotikiswa anaweza kuwa uji mzito au vidonge vya mviringo, na tofauti hiyo inatokana na mambo kama idadi ya spora ulizoanza nazo, kasi ya kutikisa na umbo la chupa. Uji unafunga njia ya hewa. Vidonge vikiwa vikubwa, katikati yake hukosa oksijeni. Kujua amekua kiasi gani inabidi umchuje, umkaushe, umpime kwenye mizani, na ukishafanya hivyo umemwua, hana kesho. Kwa hiyo unaanza na chupa nyingi zinazofanana ili uzitoe moja baada ya nyingine, na kufanana kwenyewe ni tumaini zaidi kuliko ukweli.

Spora zake nyeusi ni kero ya kipekee. Ukiinua kifuniko kwa pupa zinaruka, na wiki ijayo zitaonekana kwenye sahani za mwenzako wa bakteria aliye upande wa pili wa chumba. Spora hulowekwa kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo ndipo zikwanguliwe, kazi yote ndani ya kabati la hewa iliyochujwa, na watu wa kuvu hujitengea inkubeta yao kwa ajili ya amani ya nyumba.

Lakini lililonishika hasa ni suala la viini. Kumwingizia kuvu jeni mpya, njia ya kawaida ni kumvua ukuta wa seli kwa vimeng'enya hadi abaki tufe laini, ukimweka kwenye maji yenye sobitoli nyingi ili asipasuke, kisha unamtia DNA pamoja na polietilini glikoli. Unamwotesha kwenye dawa, tuseme higromaisini. Zinaota koloni. Unapima kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, unaiona jeni mpya, unashangilia. Ukipima tena kwa makini unaona na jeni ya zamani ipo, ile uliyodhani umeiondoa.

Uzi wa kuvu una viini vingi vinavyogawana utegili mmoja, ule ute wa ndani ya seli. Kimoja kikipokea jeni ya kinga, kimeng'enya kinachotengenezwa kinazunguka ndani ya uzi wote na kuvilinda viini visivyopokea kitu. Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu, maana ni zile koloni za pembeni za ampisilini, safari hii zikiwa ndani ya mwili mmoja. Mwenye kinga anawalinda wasio nayo, nawe unaona afya njema. Dawa yake ni kupita kwenye mlango mwembamba: unaacha kuvu atoe spora, unazitawanya, unachukua koloni iliyotokana na spora moja, unarudia tena juu ya dawa. Kwa Aspergillus nidulans mlango huo ni mzuri kwa sababu kila spora yake ya kawaida ina kiini kimoja. Neurospora crassa, ambaye George Beadle na Tatum walimtumia mwaka 1941 kuunganisha jeni na vimeng'enya, hutoa spora kubwa ambazo mara nyingi zina viini zaidi ya kimoja, hivyo hata spora moja inaweza kukudanganya. Mtu anayekuletea kuvu "aliyebadilishwa" mwulize amempitisha spora moja mara ngapi. Akisitasita, rudia kazi yote.

Asidi ya sitriki ndiyo iliyonifundisha kuhusu masharti usiyoyaona. James Currie alionyesha mwaka 1917 kwamba A. niger akiwekwa kwenye sukari nyingi na uchachu mkali hutoa asidi hii kwa wingi, na miaka miwili baadaye Pfizer walikuwa wanaizalisha kwa njia hiyo. Masharti yake yanaandikika kwenye karatasi moja: sukari nyingi, hewa nyingi, pH ya chini. Lakini kuna la nne, manganizi. Mikrogramu chache tu kwa lita hushusha mavuno na kumfanya kuvu asuke nyuzi ndefu badala ya vidonge vifupi. Kundi letu lilikuwa na mavuno yanayopanda na kushuka bila mpangilio, na kila mtu alikuwa na nadharia. Kilichoonekana mwishoni kilikuwa maji. Mashine ya kuyasafisha ilibadilishwa kichujio kwa vipindi, na mavuno yalifuata kichujio. Kuvu alikuwa akijibu swali ambalo hakuna aliyejua kwamba ameulizwa.

Huwa nawasimulia wanafunzi jaribio la Richard Lenski nikifika hapo. Mwaka 1988 alianza na chupa 12 za E. coli, akiwahamishia kwenye lishe mpya kila siku, glukosi kidogo tu, na kugandisha sampuli kila baada ya vizazi 500. Ndani ya lishe ile kulikuwa na sitrati, chumvi ya asidi ya sitriki, tangu siku ya kwanza. Haikuwekwa kama chakula, maana E. coli hawezi kuila penye oksijeni. Ilikuwa ya kusaidia chuma kipatikane. Baada ya vizazi zaidi ya 30,000 chupa moja ikawa nzito kupita kawaida: bakteria wake walikuwa wamejifunza kula sitrati. Kumi na moja nyingine hazikuweza. Na kwa kuwa sampuli zilikuwa zimegandishwa, watafiti waliweza kurudi nyuma, kuwafufua mababu, na kuuliza uwezo huo ulianza kuandaliwa lini. Jaribio lilihamia Texas mwaka 2022 na halijafungwa.

Friza, basi. Kama kuna tabia moja ninayoilazimisha kwa kila anayefanya kazi nami ni kugandisha mapema. Gliseroli ya asilimia 20 hivi, nyuzijoto -80, mirija kadhaa, siku ileile kiumbe alipofika, kabla ya kumchezea. Streptomyces ni mfano wa kwa nini. Bakteria hawa wa udongo, wanaosuka nyuzi kama kuvu na kutoa ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa, ndio waliotupa streptomaisini mwaka 1943 mikononi mwa Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman. Kromosomu yao ni mstari badala ya duara, na ncha zake hukatika kwa urahisi. Wahamishe sahani hadi sahani na utaanza kuona vipande vya koloni vilivyo na upara, visivyotoa spora; mara nyingi na dawa waliyokuwa wakitoa imepungua au imekwisha. Kwenye sahani hakuna adui wa kumtilia sumu, na sumu ni ghali kuitengeneza. Jenomu ya Streptomyces coelicolor ilipochapishwa mwaka 2002 ilionyesha zaidi ya vikundi 20 vya jeni za kutengenezea kemikali za namna hiyo, wakati maabara zilikuwa zimeona chache tu kati ya hizo zikifanya kazi. Nyingine zinangoja masharti ambayo hakuna aliyewapa bado.

Uchaguzi uleule ukifanywa kwa kujua huitwa uboreshaji. Wakati wa vita kuu ya pili, watafiti wa Peoria, Illinois, walitafuta ukungu wenye penisilini nyingi kuliko ule wa Alexander Fleming wa mwaka 1928, na wakampata mwaka 1943 kwenye tikiti lililooza. Uzao wa ukungu huo ulipigwa eksirei na mionzi ya urujuanimno, ukachaguliwa kizazi hadi kizazi, na ndani ya nasaba za viwandani za leo kundi la jeni za penisilini limejirudia mara kadhaa. Kuvu Trichoderma reesei naye alichaguliwa na hema: alipatikana Visiwa vya Solomon akila turubai za jeshi la Marekani, na leo ni mzalishaji mkubwa wa vimeng'enya vya kuvunja selulosi. Thomas Brock na Hudson Freeze walimtoa bakteria Thermus aquaticus kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, katika miaka ya 1960, na polimerasi yake isiyoogopa joto ndiyo iliyofanya PCR kuwa kazi ya kawaida. Mahali unapotafuta pamekwisha kukuchagulia nusu ya jibu kabla hujafungua chupa.

Hilo linanifanya niwe mgumu kidogo kwa wanaotaka kufanya kila kitu kwa E. coli kwa sababu yupo karibu. Najua sababu zao, nimezitaja mwenyewe hapo juu. Lakini viumbe wengi wa udongo hawajawahi kuota kwenye sahani zetu, na sahani yenyewe ni uchaguzi. Agari, jeli inayogandisha lishe ya sahani, aliyoipendekeza Fanny Hesse katika maabara ya Robert Koch miaka ya 1880 kwa sababu haiyeyuki kwenye joto la inkubeta wala hailiwi na vijidudu wengi, imetupa karne na zaidi ya kazi. Imetupa pia kundi fulani la viumbe: wanaopenda chakula kingi, oksijeni, na kukaa peke yao.

Siku hizi kiumbe akifika kwetu, lebo yake hunakiliwa kwenye daftari chini ya safu iitwayo "anavyosemwa". Safu ya "alivyo" inajazwa baadaye: koloni moja, DNA ya 16S kama ni bakteria au ITS kama ni kuvu (vipande vinavyotambulisha spishi), majaribio mawili matatu ya tabia, kisha friza. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja aliona kwenye sahani ya A. niger kipembe cheupe katikati ya weusi wote. Nusu ya chumba ilisema ni uchafu, atupe. Alimpitisha spora moja, akasoma ITS, na ni A. niger kweli, amepoteza tu rangi ya spora. Guido Pontecorvo na wenzake walitumia nasaba za rangi tofauti za kuvu huyuhuyu miaka ya 1950 kuonyesha kwamba viini vya nyuzi mbili vinaweza kuungana na kubadilishana jeni bila kujamiiana, kwa hiyo mweupe ana kazi nzuri: ukimchanganya na mweusi, unaona kwa macho nani yumo ndani ya nani. Mwanafunzi anamtumia hivyo sasa. Ninachomsumbua nacho ni kama weupe ule ulikuja peke yake au ulikuja na jambo jingine, maana mavuno yake ya asidi bado hayajapimwa kwenye lishe isiyo na manganizi, na kichujio cha maji kinabadilishwa wiki ijayo.